Grafini na magonjwa ya ubongo wa wazee: maswali na majibu kwa familia za Kanda ya Ziwa

Familia zinazouguza wazee mjini Mwanza na visiwani zimeanza kuuliza kuhusu grafini, ambayo husikika ikitajwa kuwa tiba ya kusahau na ya kutetemeka.

Grafini ni kitu gani?

Ni tabaka moja tu la atomi za kaboni zilizoshikana katika pembesita, mfano wa sega la nyuki. Kaboni hiyo ndiyo inayounda kinywe, madini yanayopatikana kwetu Mahenge mkoani Morogoro. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walilipata tabaka hilo kwa kubandua kinywe kwa selotepu, na mwaka 2010 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Ni nyembamba kupita kiasi, ni imara, na hupitisha umeme vizuri sana.

Inahusianaje na ubongo?

Katika ugonjwa wa Alzheimer, unaoleta kusahau, protini ziitwazo amiloidi na tau hujikusanya kwenye ubongo na seli za neva hufa pole pole. Katika ugonjwa wa Parkinson, unaoleta kutetemeka, protini inayojikusanya ni alfa-sinukleini, na seli zinazopotea ni zile zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuratibu mwendo wa mwili. Mtazame mzee mwenye Parkinson anayeshona nyavu pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza: mkono ukiwa umetulia pajani, kidole gumba na cha shahada hutetemeka kana kwamba vinasokota uzi, lakini akiunyoosha kuchukua sindano, mtetemo hupungua.

Mabadiliko haya huanza miaka mingi kabla ya dalili kuonekana. Kuyathibitisha kwa sasa mara nyingi huhitaji picha maalumu za ubongo au kuchukua maji ya uti wa mgongo, mambo ambayo ni mazito kwa familia inayovuka ziwa kutoka Ukerewe. Ndiyo maana watafiti wanatengeneza vihisi vya grafini: juu yake hupandikizwa kingamwili zinazoitambua protini fulani, na tone la damu lenye protini hiyo likigusa, umeme unaopita hubadilika na kipimo husoma badiliko hilo. Kwangu mimi hili ndilo tumaini kubwa kuliko yote, kwa kuwa kifaa kidogo cha namna hiyo kingeweza siku moja kukaa kwenye kituo cha afya. Bado kiko maabara.

Je, inatibu?

Dawa nyingi hushindwa kuufikia ubongo kwa sababu kuta za mishipa yake ya damu zimebana, nazo huchuja vikali kinachopita. Mwaka 2018 watafiti wa Korea Kusini na Marekani walionyesha kuwa vijichembe vidogo mno vya grafini viliweza kupita kizuizi hicho katika panya, vikazuia alfa-sinukleini isijikusanye, na hata kuyavunja mafungu yaliyokwisha kuundwa. Matokeo hayo yanatia moyo, lakini ni ya panya, na dawa nyingi zilizowafaa panya hazikuwafaa binadamu. Mnamo Septemba 2024, huko Manchester, elektrodi za grafini, yaani vipande vinavyosoma umeme wa ubongo, ziliwekwa kwa muda kwenye ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza, wakati wa upasuaji wa uvimbe.

Ni salama?

Inategemea ukubwa wa chembe, kiasi chake na jinsi uso wake ulivyotengenezwa. Vipande vyenye kingo kali vinaweza kuchubua utando wa seli, na chembe zikivutwa kwa hewa zinaweza kuyafanya mapafu yawashwe na kuvimba. Hakuna dawa ya grafini iliyoidhinishwa kutibu Alzheimer wala Parkinson. Anayewauzia vidonge vyake anawadanganya, na nawasihi msimpe mzee wenu.

Bibi yetu anapotea njia na majirani wanasema ni mchawi. Tufanye nini?

Mlindeni, na mwambieni mwenyekiti wa kijiji waziwazi kwamba huo ni ugonjwa. Katika ukanda wetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, na hakuna teknolojia itakayomfaa mtu ambaye jamii yake imekwisha kumhukumu.

Kisha mpelekeni zahanati au kituo cha afya, ambako anaweza kupewa rufaa hadi hospitali za Sekou Toure au Bugando jijini Mwanza. Si kila kusahau ni Alzheimer: upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona, Virusi vya UKIMWI na kiharusi huleta dalili zinazofanana, na baadhi yake hutibika. Kutetemeka nako huweza kuletwa na dawa, kwa mfano haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Kwa Parkinson ipo dawa iitwayo levodopa, ambayo haiponyi lakini humrejeshea mgonjwa uwezo wa kutembea na kujilisha. Utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta kuwa wengi wa wenye ugonjwa huo hawakuwa wamewahi kugunduliwa.

Siku ya kliniki chukueni dawa zote anazotumia, za hospitali na za mitishamba, na aende na mtu anayeishi naye, anayeweza kueleza dalili zilianza lini na zimebadilikaje.