1856: mwaka Sayyid Said alipofia baharini

Mitihani ya historia hupenda sana 1840, mwaka tunaoambiwa kwamba Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, alihamishia makao yake Unguja. Mimi darasani hukaa zaidi kwenye 1856. Milki ya Omani na Zanzibar ilianza kupasuka mwaka huo, na haikupasuka kwa mpango wa mtu yeyote.

Tuanze Bandar Abbas. Bandari hiyo ilikuwa ya Uajemi, ila Said aliikodi, na ushuru wake ulikuwa mtamu. Mwaka 1854 Waajemi wakamtimulia watu wake, naye akaondoka Unguja kwenda kuutetea mkataba. Alikaa Omani zaidi ya miaka miwili, na hatimaye akarudishiwa bandari kwa kodi kubwa kuliko ya zamani na masharti magumu zaidi. Safari ya hasara, kwa maoni yangu, na tena ilimweka mbali na Unguja wakati mbaya kabisa: Khalid, mwanawe aliyekuwa amemtaja mapema kuwa mrithi wa upande wa Afrika, alifariki Novemba 1854. Majid, mwana mwingine wa Said, akashika nafasi yake kama liwali. Kumwakilisha baba akiwa hai ni jambo moja, kumrithi ni jingine.

Septemba 1856 Said akapanda merikebu yake, Victoria, kurudi Unguja. Kaskazi ilikuwa bado haijaanza. Tarehe 19 Oktoba akafariki njiani, karibu na Shelisheli, akiwa ametawala takriban miaka hamsini. Ndani ya merikebu alikuwamo mwanawe Barghash, kijana wa miaka kama 19. Desturi ni maiti kuzikwa baharini. Barghash akaihifadhi jenezani. Walipofika Unguja alimzika baba yake usiku, kwa siri, kisha akajaribu kuutwaa mji kabla habari haijaenea. Hakufanikiwa. Majid, wa miaka kama 22, akakaa kwenye kiti.

Wasomaji wengi humwona Barghash hapa kama mwizi wa kiti. Nadhani tunamwonea. Kwa Waibadhi, madhehebu ya Kiislamu ya watawala hawa wa Omani, kuwa mtoto wa kwanza hakumpi mtu utawala. Anahitaji kukubaliwa na wakubwa wa makabila, na mara nyingi alihitaji pia upanga. Said mwenyewe aliingia madarakani kwa njama ya kumuua binamu yake Badr bin Seif, aliyekuwa ameshika utawala, mwaka 1806.

Kule Muscat, ndugu yao Thuwaini, aliyekuwa mkubwa kuliko wote wawili, aliona milki yote ni yake. Majid alikubali kumpelekea reale (sarafu za fedha) 40,000 kila mwaka. Majid alisema ni hisani kwa ndugu. Thuwaini alisema ni kodi ya mtu aliye chini yake. Fedha ile ile, tafsiri mbili, na hapo ndipo vita vilipokaribia. Mwaka 1859 Thuwaini alitayarisha merikebu kuja kuishambulia Unguja, Waingereza wakamzuia.

Walikuwa na sababu zao. Mwishoni mwa 1856 hiyo hiyo walikuwa wameingia vitani na Uajemi kwa ajili ya Herat, mji wa Afghanistan, na vurugu nyingine kwenye njia za India hawakuitaka. Shauri likapelekwa kwa Canning, Mwingereza aliyeitawala India, naye akatoa uamuzi tarehe 2 Aprili 1861: Majid abaki Zanzibar, Thuwaini abaki Omani, reale 40,000 ziendelee kulipwa kila mwaka, pamoja na 80,000 za malimbikizo. Malipo hayo, alisema, yasihesabiwe kuwa alama kwamba Zanzibar iko chini ya Muscat. Ni fidia tu, maana urithi wa Majid ulikuwa mnono zaidi. Utajiri wa karafuu ndio uliomponza.

Mwaka 1866 Thuwaini aliuawa na mwanawe Salim. Majid akakataa kumlipa mtu aliyemuua baba yake mwenyewe.