Mnukuzi wa kitabibu na neno lisiloshikika: dhana potofu na ukweli

Daktari ametoka chumba cha upasuaji. Anashika simu au kinasa sauti na kutoa imla ya ripoti huku anatembea, pengine barakoa bado iko usoni. Saa chache baadaye mnukuzi anavaa vipokea sauti, anakanyaga pedali inayoendesha na kusimamisha sauti, na kuanza kuandika. Kurasa mbili zinakwenda vizuri, kisha linakuja neno moja ambalo halishikiki. Analirudia, bado halishikiki. Mwishowe anamgeukia mwenzake: "Hebu nisaidie, hapa anasema nini?"

Kuhusu swali hilo zimejengeka imani nyingi zisizo sahihi, ndani ya taaluma na nje yake. Baadhi humvunja moyo mnukuzi tu. Nyingine zinaweza kumfikia mgonjwa kitandani. Ninachoshikilia mimi ni kwamba jibu la mwenzako linakuonyesha mahali pa kutafuta. Halijawa bado neno la kuandikwa kwenye ripoti. Mifano nitakayotumia ni ya imla za Kiingereza, ambako istilahi za Kilatini na Kigiriki huleta utata kila siku.

Dhana: mnukuzi anayeuliza hajaiva

Hakuna anayeiva kiasi cha kutouliza. Dawa mpya huidhinishwa kila mwaka, vifaa vipya huja na majina mapya, na kila chumba cha upasuaji kina misemo yake. Chukua "Bovie". Mgeni akilisikia katika ripoti ya upasuaji atalitafuta kwenye kamusi ya magonjwa asilione, kwa sababu ni jina la mtu. William Bovie ndiye aliyetengeneza mashine ya umeme ya kukata nyama ya mwili na kuziba mishipa inayovuja damu, ambayo mpasuaji Harvey Cushing aliitumia kwa mara ya kwanza mjini Boston mwezi Oktoba 1926. Leo wapasuaji wa Marekani huligeuza jina hilo hata kuwa kitenzi. Jambo kama hili hulifikii kwa kufikiri. Unalijua kwa sababu kuna aliyekuambia.

Mzoefu hutambulika kwa anayoyafanya kabla ya kuuliza. Haling'ang'anii neno moja. Anaweka alama na kuendelea hadi mwisho wa faili, maana mara nyingi daktari hulitaja tena anapofika kwenye utambuzi wa ugonjwa au mpango wa matibabu, na safari hii hulitamka vizuri zaidi. Anafungua ripoti za awali za mgonjwa huyo, kama ana ruhusa. Anasikiliza pia kwa kasi ya kawaida, kwa sababu sauti ikipunguzwa kasi mno irabu huvutika na umbo la neno huharibika. Akishamaliza hayo, anapouliza huwa tayari anajua neno hilo ni la aina gani.

Dhana: ukiwa na sikio zuri, kazi imekwisha

Sikio lina mpaka, na chombo kinacholiletea sauti kina mpaka mdogo zaidi. Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 hivi. Sehemu kubwa ya nguvu ya sauti kama s na f iko juu ya hapo, kwa hiyo imekatwa kabla haijakufikia. Namba nazo zina taabu yake: 15 na 50 kwa Kiingereza hutofautiana zaidi mwishoni mwa neno, mahali hasa ambapo msemaji aliyechoka humeza sauti.

Yapo pia maneno ambayo hata studio ya kurekodia isingeyatenganisha. Ileum ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, ilium ni mfupa wa nyonga, na hutamkwa sawasawa. Hapo aliyesoma anatomia "husikia" vizuri kuliko mwenye sikio kali. Dysphagia ni shida ya kumeza, dysphasia ni shida ya lugha, na mgonjwa wa kiharusi anaweza kuwa na zote mbili. Kutajwa kwa mtaalamu wa tiba ya usemi hakukusaidii, kwa kuwa yeye hushughulikia kumeza na kuzungumza vilevile. Inabidi usubiri sentensi zinazofuata: je, daktari anaagiza chakula kilainishwe, au anaeleza kwamba mgonjwa anatafuta maneno bila kuyapata?

Dhana: mwambie mwenzako neno unalodhani umelisikia, atakuthibitishia

Hii ndiyo dhana inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu inaonekana kuwa ni adabu ya kawaida. Unamwita mwenzako, unampa vipokea sauti, na kabla hajavivaa unamwambia, "Nadhani anasema hivi." Anasikiliza na kukubali. Nyote wawili mmeridhika, na huenda nyote wawili mmekosea.

Mwaka 1970 mwanasaikolojia Richard Warren alichapisha jaribio ambalo kila mnukuzi angepaswa kulijua. Alichukua sentensi iliyorekodiwa, akakata sauti moja ndani ya neno, na mahali pake akaweka kikohozi. Kati ya wasikilizaji 20, 19 walisema hakuna sauti iliyokosekana. Mmoja aliyesema kuna iliyokosekana alitaja isiyo yenyewe. Ubongo uliijaza nafasi kwa kutumia sentensi iliyobaki, na wasikilizaji walikuwa na hakika kwamba sauti hiyo wameisikia kwa masikio yao.

Sasa fikiria imla yenye vikohozi, milango inayofungwa na mashine zinazolia. Ukimpa mwenzako neno lako kwanza, ubongo wake unapata kitu cha kujazia, naye atalisikia kweli neno hilo. Hakudanganyi, ila ushahidi wake hauna thamani tena, kwa sababu umeshauchafua. Utaratibu bora ni kumwacha asikilize kwanza, aandike alichosikia, ndipo mlinganishe. Mkifika kwenye neno moja kila mtu kwa njia yake, mna jambo la kufuatilia.

Na kama mwenzako hana ruhusa ya kusikiliza faili, je? Hapo wengi hutuma sauti peke yake: "inasikika kama witlona, ni nini?" Swali la namna hiyo linazaa ubashiri. Mpe muktadha: ni ripoti ya aina gani, ya idara ipi, neno linafanya kazi gani katika sentensi, lina silabi ngapi, mkazo uko wapi, na kabla na baada yake kuna nini. "Ripoti ya upasuaji, mpasuaji ameshachana ngozi, anasema waliweka kitu hiki na jeraha likabaki wazi, kinaanza na sauti ya w." Mwenzako aliyefanya kazi na ripoti za upasuaji atajibu papo hapo: Weitlaner, kifaa kinachoshikilia kingo za jeraha zisijifunge bila mtu kukishika. Aliyepewa "witlona" tupu atahangaika na majina ya dawa. Kama msemaji ana lafudhi unayoifahamu, litaje hilo pia. Wenzako waliozoea kunukuu wasemaji wa lafudhi hiyo wanajua ni konsonanti zipi hubadilishana.

Dhana: watatu wakikubaliana, andika

Wingi wa kura si ushahidi. Jibu lolote la mwenzako lipitishe kwenye marejeo yanayoaminika, yaani kamusi ya tiba, orodha ya dawa au katalogi ya mtengenezaji wa kifaa, kisha rudi kwenye sauti uone kama linaingia. Kulikuta neno kwenye intaneti hakutoshi, kwa sababu tahajia mbovu nazo zimejaa huko.

Kwa dawa, kipimo na sababu ya kupewa ndiyo mashahidi wazuri. Lamictal hutumika kwa kifafa na kwa ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka. Lamisil huua fangasi. Daktari akisema miligramu 250 mara moja kwa siku kwa ajili ya kucha, jibu liko wazi, kwani kidonge cha Lamisil ni cha miligramu 250. Celebrex ya maumivu ya viungo huja kwa miligramu 100 au 200, ilhali Celexa ya sonona huwa 10, 20 au 40.

Lakini usiutegemee mlango huo kila mara. Hydralazine hushusha shinikizo la damu. Hydroxyzine hutuliza mwasho na wasiwasi. Zote mbili zina vidonge vya miligramu 10, 25 na 50. Kipimo hakikuambii lolote, na kama daktari hakutaja sababu, wenzako kumi hawawezi kuizalisha. Dawa hizi mbili ni miongoni mwa majozi yaliyoifanya mamlaka ya dawa ya Marekani, mwaka 2001, kuwataka watengenezaji wa dawa hizo waandike sehemu ya jina kwa herufi kubwa: hydrALAZINE, hydrOXYzine. Herufi hizo humsaidia anayesoma. Mnukuzi anasikiliza, kwa hiyo hazimfai kitu mpaka awe ameshajua ni dawa ipi.

Dhana: pengo kwenye ripoti ni aibu

Pengo lililowekwa alama ni taarifa ya kweli: hapa kuna neno, halikusikika, mwenye kulisema alijaze. Ubashiri ulioandikwa vizuri hauna alama yoyote. Unapita kwa daktari mwenye haraka, unaingia kwenye kumbukumbu, na anayeusoma kesho hana sababu ya kuushuku.

Mwaka 2012 jopo la mahakama katika jimbo la Marekani la Alabama liliamua familia moja ilipwe dola milioni 140 baada ya mgonjwa kufariki. Waraka wa kuruhusiwa kutoka hospitalini, ulionukuliwa kutoka imla, ulionyesha yuniti 80 za insulini mahali ambapo zilitakiwa kuwa 8. Kila nikifikiria kesi hiyo narudi kwenye jambo moja: yuniti 80 za insulini kwa mara moja ni kiasi cha kumsimamisha mtu yeyote anayeandika. Namba inayokushtua ina haki ya alama, hata kama unadhani umeisikia sawasawa.

Alama yenyewe iwe na maana. Onyesha dakika na sekunde ya sauti, na eleza tatizo ni la aina gani. "Halisikiki" si sawa na "linasikika ila haliendani na maelezo". La pili ni zito zaidi, maana huenda daktari mwenyewe ameteleza ulimi, akasema mguu wa kulia baada ya kuzungumzia wa kushoto ukurasa mzima. Hapo mnukuzi hasahihishi kimyakimya, anauliza.

Dhana: programu za kutambua usemi zimemaliza tatizo

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulichunguza ripoti 217 za kitabibu zilizoandikwa kwa programu hizo nchini Marekani. Zilipotoka kwenye mashine zilikuwa na makosa zaidi ya 7 katika kila maneno 100. Baada ya mnukuzi kuzipitia, kiwango kilishuka hadi 0.4, na baada ya daktari kutia saini kikawa 0.3. Sehemu kubwa ya usahihishaji ilifanywa na mnukuzi.

Programu za leo ni bora kuliko za wakati ule. Hata hivyo hazina desturi ya kuacha pengo. Zisiposikia huweka neno linaloelekea kufaa. Utafiti wa mwaka 2024 kuhusu programu ya Whisper ulikuta kwamba takribani asilimia 1 ya vipande vya sauti vilitoka na virai au sentensi nzima ambazo hakuna aliyezisema. Kwa hiyo swali la "hapa anasema nini?" limebaki, ila sasa linamjia mhariri likiwa limefichwa ndani ya sentensi nzuri. Ndiyo maana anayehariri maandishi ya mashine anahitaji wenzake kuliko anayeanza na ukurasa mtupu.

Dhana: ukiondoa jina la mgonjwa, umelinda siri

Jina ni moja tu kati ya mengi. Kanuni za Marekani za faragha ya afya zina orodha ya vitambulisho 18, ikiwemo namba ya jalada, tarehe ya kulazwa na umri unaozidi miaka 89. Kipande cha sauti kisitoke nje ya mfumo wa kazi hata kwa mwenzako unayemwamini. Na kama ugonjwa ni wa nadra au ajali ilitangazwa, sentensi moja inatosha kumfichua mtu. Uliza kuhusu neno, toa aina ya ripoti na kazi ya neno hilo, ishia hapo.

Dhana: daktari hapendi kusumbuliwa

Wapo wanaokasirika, sikatai. Lakini saini ni yake na anayetibiwa ni mgonjwa wake, kwa hiyo swali ni lake kwa haki. Maswali yakikusanywa na kutumwa pamoja, kila moja na dakika yake kwenye sauti, wengi hujibu bila shida.

Kinachopotea mara nyingi ni jibu lenyewe. Daktari analijaza pengo, ripoti inafungwa, na mnukuzi mwingine anakwama kwenye neno lile lile kwa daktari yule yule. Timu inayojali huweka orodha ya pamoja isiyo na habari zozote za mgonjwa: msemaji, neno lilivyosikika, neno lilivyo, na lilithibitishwa na nani au wapi. Safu hiyo ya mwisho isiachwe tupu, kwa sababu orodha isiyoonyesha uthibitisho hubeba ubashiri wa mwaka jana na kuuletea mnukuzi mpya kama kanuni.