Sauti Kubwa, Kura Chache: Dhana Potofu Kuhusu Waimbaji Hodari Wanaotolewa Mapema

Aprili 21, 2004, washiriki watatu wenye kura chache zaidi kwenye American Idol, shindano la uimbaji la televisheni ya Marekani linaloamuliwa kwa kura za watazamaji, walisimama mbele ya kamera: Jennifer Hudson, La Toya London na Fantasia Barrino. Ndio hao hao waliokuwa wakimiminiwa sifa na majaji. Hudson akafungasha virago, nafasi ya saba. Watu waligutuka, na hadi leo kila anapotolewa mwimbaji hodari kwenye shindano la televisheni, lawama zinazosikika ni zile zile. Nyingi hazina mashiko.

"Watazamaji wamemtoa kwa sababu hawajui muziki."

Hakuna aliyemtoa. American Idol haikuwa na kura ya kumkataa mtu. Ulimpigia unayetaka abaki, na aliyepata kura chache kuliko wenzake ndiye aliyeaga. Jambo hili linaonekana dogo, lakini nionavyo ndilo linaloeleza sehemu kubwa ya vilio vyetu. Mshiriki anaweza kuwa chaguo la pili la nchi nzima na bado akarudi kwao, kwa kuwa chaguo la pili halipigiwi simu. Anayewakera wengi naye anaweza kudumu, mradi awe na kundi lake sugu. Sanjaya Malakar, ambaye majaji hawakuficha walivyomwona, alifika nafasi ya saba mwaka 2007. Saba ile ile ya Hudson!

Sasa warudie wale watatu wa 2004. Wote walikuwa wanawake wenye sauti nzito, zenye ladha ya soul na gospeli. Shabiki wa sauti za namna hiyo alikuwa na watatu wa kuwagawia kura zake. John Stevens, kijana wa miaka 16 aliyeimba taratibu nyimbo za enzi za babu zetu, hakuwa na wa kugombea naye kwenye kona yake, na wiki ile alipita. Piga hesabu ya kubuni tu: kati ya kura 100, kura 40 ni za wapenzi wa sauti kubwa, na zinagawanyika kwa watu watatu. Kila mmoja anapata 13 hivi. Zile 60 zilizobaki zinagawanywa kwa wanne, kila mmoja 15. Kundi kubwa kuliko yote limewaweka watu wake wote watatu mkiani, na hakuna hata mpiga kura mmoja asiyejua muziki.

Kuna na jambo linalosahaulika. Kura za hatua ya awali hazikumpeleka Hudson kwenye kundi la 12 bora; aliingia kwa nafasi ya ziada waliyoishika majaji. Jeshi lake la wapiga simu halikuwa kubwa tangu mwanzo. Juu ya hayo, usiku wa kura dhoruba iliipiga Illinois, jimbo lake, na baadhi ya watu wakakosa umeme.

"Ni ubaguzi wa rangi, basi."

Elton John, mwanamuziki wa Uingereza aliyekuwa mgeni kwenye kipindi msimu ule ule, alisema hivyo waziwazi baada ya matokeo ya Hudson. Siwezi kuapa kwamba rangi haikuingia kwenye vichwa vya wapiga kura wa Marekani. Lakini kama maelezo kamili, dhana hii inayumba: mwaka mmoja kabla alishinda Ruben Studdard, mtu mweusi, na msimu wenyewe uliolalamikiwa aliushinda Fantasia, mmoja wa wale watatu. Hudson alipoondoka, kura za kona yao zilibaki na wawili wa kugawana. London naye alipotoka, akabaki mmoja.

"Kila mtazamaji ana kura yake moja."

Fainali ya 2012 aliyoshinda Phillip Phillips ilitangazwa kuwa na kura milioni 132. Waliotazama walikuwa milioni 21 na ushei. Kwa miaka mingi simu ilipigwa tena na tena hadi dirisha la kura lifungwe, na wapo waliokesha na kidole kwenye kitufe cha kurudia. Kinachopimwa hapo ni nani ana watu walio tayari kupoteza jioni nzima kwa ajili yake. Msichana wa shule aliyempenda mvulana mwenye gitaa alimzidi kwa mbali mwalimu wa muziki aliyempigia kura moja aimbaye vizuri kisha akaenda kulala. Kuanzia 2008 hadi 2012 walishinda vijana watano wa kiume mfululizo, wengi wao na magitaa yao. Mwaka 2013 mfululizo huo ulikatwa na Candice Glover, mwanamke ambaye mashindano hayo hayo yalikuwa yamemrudisha nyumbani misimu iliyotangulia.

"Majaji wakimsifu, amepona."

Sifa zinaweza kuponza. Shabiki akisikia mtu wake ametajwa kuwa bora kuliko wote, humpa kura yule mwingine aliye hatarini. Chris Daughtry alitazamwa kama bingwa mtarajiwa wa 2006, akatolewa akiwa nafasi ya nne. Albamu aliyoitoa mwaka huo huo na bendi yake ilipanda hadi kileleni mwa chati ya Marekani. Mwimbaji Pia Toscano alitolewa Aprili 2011, nafasi ya tisa, mbele ya majaji waliopigwa butwaa. Majaji walikuwa na haki ya kumwokoa mshiriki mmoja tu kwa msimu, na wiki mbili kabla walikuwa wameitumia kwa Casey Abrams.

Kuna na zamu ya kuimba. Watafiti Lionel Page na Katie Page walichunguza mashindano ya Idol ya nchi mbalimbali, na utafiti wao wa 2010 ulionyesha kwamba wanaoimba mwishoni mwa kipindi wana nafasi nzuri zaidi ya kubaki. Aliyefungua jukwaa, mtu ameshamsahau kabla ya kushika simu.

"Nchi yenye watu wengi ndiyo hushinda."

Hii ni yetu, ya enzi za Tusker Project Fame, shindano la uimbaji la Afrika Mashariki lililofanyika kule Nairobi. Mwaka 2009 alishinda Alpha Rwirangira wa Rwanda, na 2013 Hope Irakoze wa Burundi. Nchi ndogo zote mbili. Nchi iliyoingiza waimbaji wengi hugawana kura zake kama wale watatu wa Idol, wakati nchi yenye mmoja au wawili inawabeba kwa pamoja.

"Kura zimechakachuliwa."

Hapa sitacheka, maana imewahi kutokea. Korea Kusini, Julai 2019, shindano la Produce X 101, la kuunda kundi la waimbaji kwa kura za watazamaji, lilipotangaza washindi, mashabiki waliketi na vikokotoo. Waligundua kwamba tofauti ya kura kati ya nafasi moja na inayoifuata ilikuwa 29,978, na namba hiyo hiyo ikajirudia kwenye nafasi kadhaa. Kura halisi hazijipangi hivyo. Polisi wakaingia, na mwaka 2020 mtayarishaji Ahn Joon-young akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Lakini mashabiki wa Korea waliweza kukagua kwa sababu waliwekewa kura mezani. American Idol ilizoea kutaja jumla tu, bila kuonyesha kila mshiriki alipata ngapi, na usiri huo ndio unaolisha tetesi kila anapoondoka mtu kama Hudson au Toscano. Ahueni ilikuwa Uingereza: baada ya The X Factor ya 2010, shindano la uimbaji la huko, asilimia za kila wiki zilitolewa, na zikaonyesha kwamba Matt Cardle, aliyeshinda, alikuwa akiongoza karibu msimu mzima. One Direction, kundi lililokuja kuvuma duniani, walimaliza wa tatu.