Maktaba ya umma: maana yake hasa

Neno maktaba tumelipata kutoka Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa kitabu, katibu na mkutubi. Ndiyo maana wengi wakilisikia huona rafu tu. Ukiongeza "ya umma", maswali yanakuwa mawili: nani anaigharimia, na nani anaruhusiwa kuingia.

Mwaka 1731, huko Philadelphia, Marekani, Benjamin Franklin na wenzake walichanga fedha wakaanzisha maktaba ya wanachama. Ilikuwa hatua kubwa, ila bado ilitegemea mfuko wa msomaji. Mwaka 1833 mji mdogo wa Peterborough, New Hampshire, ulipiga kura kutenga fedha za umma zinunue vitabu vya kuazimwa bure na wakazi wote. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1850, na ajabu ni kwamba kodi iliyoruhusiwa ilitosha jengo na watumishi, lakini haikuruhusiwa kununua vitabu! Vitabu vilitarajiwa kutolewa na wafadhili hadi sheria ilipopanuliwa mwaka 1855.

Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani aliyegharimia majengo ya maktaba zaidi ya 2,500, aliweka sharti ninalolipenda: jamii itoe kiwanja, na kila mwaka itenge sehemu ya kumi ya fedha alizotoa ili kuiendesha maktaba. Jengo bila bajeti ya mwaka ni stoo.

Maktaba ndogo ya jamii huonyesha dhana hii vizuri kuliko ile kubwa. Pengine ni chumba kimoja, meza mbili, na mkutubi mmoja anayejua nani ameshamaliza juzuu ya kwanza na anaisubiri ya pili. Fungua kitabu cha maktaba hiyo ukurasa wa mwisho: karatasi ndogo imebandikwa, mihuri ya tarehe imepangana, mingine imefifia. Kila muhuri ni mtu aliyekibeba nyumbani bila kukinunua.

Tamko la UNESCO kuhusu maktaba za umma, lililotolewa mwaka 1949 na kupitiwa upya mwaka 1994 na 2022 pamoja na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, linataka huduma iwe sawa kwa wote, bila kujali umri, jinsia, dini, lugha wala hali ya maisha, na kimsingi iwe bure. Kwa mkutubi, hiyo inamaanisha kazi za mikono: kuondoa vitabu vilivyochakaa, kumsaidia mzee kujaza fomu kwenye kompyuta, kusomea watoto kwa sauti. Na mtu akiomba kitabu kuhusu ugonjwa au talaka, anaonyeshwa rafu. Haulizwi anakitakia nini.