Kabla hujamwambia Mmexico kwamba una "coraje"

Mwanafunzi wa Kihispania akitaka kusema ana ujasiri, mkono huenda kwenye kamusi, na kamusi humpa coraje. Hispania litapita, ingawa hata huko lina harufu ya hasira. Mexico ni habari nyingine. Kule "me da coraje" maana yake jambo limekukera kweli kweli, kwa hiyo ukitangaza "tengo coraje" utaulizwa ni nani amekuudhi. Bravo, ambayo kamusi nayo huitafsiri jasiri, si ya kuaminika. Toro bravo ni fahali mkali wa kupigana, na Kolombia au Venezuela mtu aliye bravo amekasirika, mpishe.

Ndiyo maana darasani naanza na kitenzi, nomino zisubiri. Atreverse ni kuthubutu. "No me atrevo a preguntar", sithubutu kuuliza. Wanafunzi hudondosha vitu viwili hapo: kile kijineno me, ambacho hufuata mtenda (te atreves, se atreve), na a inayotangulia kitenzi cha pili. Mswahili hana sababu ya kukiogopa kijineno hicho, kwani -ji- ya kujikaza na kujipa moyo tumekua nayo. "Me armé de valor y la llamé": nilijizatiti, nikampigia simu. Watoto wakichokozana uwanjani utasikia "¡A que no te atreves!", na hiyo ni "Thubutu!" yetu kabisa, pamoja na kidevu kilichoinuliwa.

Sifa iliyo salama kila nchi ni valiente. Haibadiliki kwa mvulana wala msichana. Mtoto akishachomwa sindano bila kulia, muuguzi wa Madrid atamwambia "has sido muy valiente", umekuwa jasiri sana. Chunga tu valentón: huyo ni mwenye mikwara, shujaa wa mdomo.

Msemo ninaoupenda kuliko yote ni hacer de tripas corazón, kuugeuza utumbo kuwa moyo. Hausemwi kwa askari vitani. Husemwa kwa anayekwenda kuomba radhi huku tumbo linamsokota, yaani aliyejikaza kisabuni. Tener agallas, kuwa na matamvua ya samaki, yaani kuwa na ujasiri, nao ni mzuri, na unasemeka mbele ya wakwe. Ule wa huevos, mayai kwa maana ya korodani, utausikia kila kijiwe. Uelewe, lakini uwaachie wenyewe mpaka uwajue vizuri unaozungumza nao.

Ukitaka msamiati huu ukiwa hai, sikiliza mpira. Waruguay wana garra charrúa: garra ni ukucha, na Wacharrúa ni wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Ndiyo sifa inayotajwa kila linapokumbukwa Kombe la Dunia la 1950, walipotanguliwa bao na Brazil ndani ya uwanja wa Maracanã, wakarudisha na kushinda 2-1. Upande wa woga kuna gallina, kuku jike. Mwaka 1966 River Plate ya Argentina iliongoza 2-0 dhidi ya Peñarol ya Uruguay katika fainali ya Copa Libertadores, kombe la vilabu vya Amerika Kusini, ikaishia kufungwa 4-2. Mechi iliyofuata, mashabiki wa Banfield walimrushia uwanjani kuku mweupe aliyevishwa mshipi mwekundu kama jezi ya River, na jina gallinas likaganda mpaka leo. Mwanamume mwoga, kwa njia, ni un gallina: kuku anabaki jike, ila kijineno un kinakuwa cha kiume.