Mama Alijibu "Sijambo": dhana potofu kuhusu NHS kulipia matunzo ya mzee

Siku muuguzi alipokuja kumpima mama mkwe wangu, mkalimani alianza kama tunavyoanza sote. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." "Hujambo?" "Sijambo, namshukuru Mungu." Usingizi je? Unakuja. Chakula? Kinapita. Muuguzi akawa anaandika tu.

Mimi na wifi yangu tulikuwa palepale kwenye kochi, macho mekundu. Usiku wa tatu mfululizo hatukulala, maana mama alikuwa akiamka saa nane kutafuta mlango aende kupalilia shamba ambalo liliuzwa zamani. Asubuhi ile bakuli moja la uji lilimchukua wifi dakika 50, kijiko kwa kijiko, kwa sababu mama hupaliwa. Hatukufungua mdomo. Nani amkosoe mama mbele ya wageni?

Jibu likaja: hajafikia kiwango cha NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, kumlipia matunzo. Nilikasirika kwa wiki nzima kabla sijakubali kwamba makosa mengine yalikuwa yetu. Tulikuwa tumeingia kwenye jambo lile na mambo ya kusikia misibani na kwenye vikundi vya WhatsApp, na karibu yote yalikuwa nusu kweli au uongo mtupu. Nayaandika hapa kwa wenzangu wenye wazee England. Nasema England kwa makusudi: Scotland waliufuta mpango huu mwaka 2015 wakaweka mwingine, nao Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao.

"NHS ni ya hospitali. Nyumba ya wazee ni mzigo wa familia."

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Upo mpango unaoitwa NHS Continuing Healthcare, wengi husema CHC tu, ambao NHS hulipa gharama yote ya matunzo ya mtu mzima nje ya hospitali: muuguzi, msaidizi wa kumwogesha, na akiwa kwenye nyumba ya wazee, hata chumba na chakula. Sharti ni kwamba shida yake kubwa iwe ya kiafya, si ya kusaidiwa shughuli za kawaida tu.

Mpaka kati ya hayo mawili uliwekwa wazi mahakamani. Pamela Coughlan alipata ajali ya barabarani mwaka 1971, akapooza mikono na miguu. Mwaka 1993 mamlaka ya afya ilimhamishia Mardon House, kule Exeter, kwa ahadi kwamba hapo patakuwa nyumbani kwake maisha yake yote. Baadaye wakataka kupafunga. Akawashtaki, na mwaka 1999 Mahakama ya Rufaa ikampa haki. Majaji walisema halmashauri inaweza kubebeshwa uuguzi pale tu ambapo uuguzi huo ni nyongeza ndogo juu ya malazi, na ni wa aina ambayo ofisi ya ustawi wa jamii inaweza kutarajiwa kuutoa. Ukizidi hapo, ni wa NHS. Mwongozo wa kitaifa uliotoka mwaka 2007, na kurekebishwa mara kadhaa hadi 2022, umesimama juu ya hukumu hiyo.

"Mkiwa na nyumba au akiba, msijisumbue."

CHC haiulizi mali. Hata senti. Wanaopima mali ni halmashauri: kwao mwenye zaidi ya pauni 23,250 hujilipia mwenyewe, na nyumba inaweza kuhesabiwa humo. Watu wamechanganya milango miwili. Wamegonga wa halmashauri, wameambiwa uzeni nyumba, wakarudi wakidhani serikali yote imesema. Ukikumbuka kwamba nyumba nyingi za wazee zenye wauguzi hutoza zaidi ya pauni 1,000 kwa wiki, utaona kwa nini mlango wa NHS unapaswa kugongwa kwanza.

"Ana dimenshia, kwa hiyo atapewa moja kwa moja."

Na dhana pacha yake: "Ana dimenshia tu, hatapewa." Zote mbili si kweli. Jina la ugonjwa halimpi mtu wala halimnyimi. Wanachopima ni mahitaji ambayo ugonjwa umeyaleta.

Hatua ya kwanza ni cheklisti, fomu fupi yenye sehemu 11, ambayo hujazwa na muuguzi, daktari au afisa ustawi wa jamii aliyefunzwa. Kila sehemu hupewa A, B au C, na A ndiyo nzito. A mbili zinatosha kumvusha. B tano vilevile, au A moja na B nne. Na A moja peke yake inatosha ikiwa imeangukia kwenye kupumua, tabia, dawa na maumivu, au kupoteza fahamu. Cheklisti haitoi pesa, inafungua tu mlango wa tathmini kamili, ndiyo maana kiwango chake kimewekwa chini.

Tathmini kamili hutumia fomu ndefu iitwayo Decision Support Tool, yenye sehemu 12: kupumua, lishe, choo na mkojo, ngozi, kutembea, mawasiliano, hisia na hali ya kisaikolojia, utambuzi, tabia, dawa, fahamu, na mengineyo. Nyingi hupimwa kuanzia "hakuna hitaji" hadi "kali", na nne kati yake zina ngazi moja juu zaidi, ya kipaumbele. Kipaumbele kimoja, au "kali" mbili, kwa kawaida humaliza hoja. Hapo ndipo wengi huishia kusoma, wakidhani ni mtihani wa kujumlisha alama. Mtu asiye na "kali" hata moja bado anaweza kustahili, kwa sababu jopo la wataalamu wanaompima linatakiwa kuangalia mambo manne kwa pamoja: aina ya mahitaji, ukali wake, jinsi yanavyoingiliana, na kama hayatabiriki.

Kuingiliana ndiko kulikombeba mama. Peke yake, kupaliwa si ajabu. Kukataa dawa si ajabu. Lakini mzee anayekataa dawa ya kifafa kwa sababu anadhani ni sumu, anayempiga anayemlisha, na anayepaliwa akishtuka, huyo huwezi kumgawa vipande na kusema kila kipande ni kidogo.

"Mambo ya ndani hayasemwi."

Hapa ndipo sisi tunapojikata wenyewe. Kwetu mzee husitiriwa. Mkwe hazungumzii choo cha mama mkwe, mtoto wa kiume ndiyo kabisa. Mume wangu alitoka nje ya chumba muuguzi alipouliza nepi zinabadilishwa mara ngapi. Na mama mwenyewe alilelewa kujibu "sijambo" hata akiwa na homa ya kufa, kwa sababu swali si la hali yake bali ni la adabu. Mpimaji hana habari na hayo. Kwake "sijambo" ni taarifa.

Wahenga walikwisha kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Huku kinachomuumbua ni karatasi, kwa sababu uamuzi hufuata kilichoandikwa. Kwa hiyo tuliandika. Daftari la shule, kurasa mbili kwa siku: ameamka saa ngapi, ameanguka wapi, amekataa kidonge gani, ametukana nani, amejisaidia wapi. Tuliandika dakika za kulisha pia, maana fomu inatofautisha mzee anayehitaji kulishwa na yule ambaye kumlisha huchukua nusu saa au zaidi. Nani angejua kwamba zile dakika 50 za uji zilikuwa na thamani?

Kama mzee yuko kwenye nyumba ya wazee, ombeni kumbukumbu zake za kila siku mzisome kabla ya kikao. Nimefanya kazi ya kea, ya kutunza wazee, miaka mingi na nimeandika mwenyewe "amelala vizuri, hana tatizo" saa kumi na mbili asubuhi nikiwa hoi, kuhusu mzee aliyenikimbiza usiku kucha. Sentensi kama hiyo ikikaa kwenye faili inaweza kumgharimu.

Kuhusu lugha: mkalimani ni haki yenu, wala msimtume mjukuu wa miaka 12 kufasiri habari za mwili wa bibi yake. Lakini msitegemee kwamba kutojua Kiingereza kutaongeza uzito kwenye sehemu ya mawasiliano. Fomu yenyewe inasema sehemu hiyo inahusu ugumu wa kujieleza na kuelewa, si suala la kutafsiri lugha. Kama mama hawezi tena kusema kwa Kiswahili kwamba anaumwa, au kwa lugha yake ya utotoni, hilo ndilo la kulitaja.

"Tukimtunza vizuri ataonekana mzima."

Wapo wanaofikiria kumwacha mzee achakae kidogo kabla ya tathmini. Msifanye hivyo. Mwongozo unasema hitaji linalodhibitiwa vizuri bado ni hitaji, isipokuwa kama matibabu yameliondoa au kulipunguza kwa kudumu. Ngozi ya mama haikuwa na kidonda cha kulalia hata kimoja. Sababu ni kwamba wifi alikuwa akimgeuza kila saa mbili, usiku na mchana. Swali la kumwuliza mpimaji ni hili: wifi akiondoka, nini kitatokea?

"Lazima aende nyumba ya wazee ndipo walipe."

Hapana, mahali si kigezo. Tena anayetunzwa nyumbani ana haki, tangu Oktoba 2014, ya kupata bajeti binafsi ya afya, ambayo inaweza kumwajiri msaidizi anayejua Kiswahili na kujua kupika ugali laini. Ila kwa kawaida haimlipi ndugu wa karibu anayeishi nyumba moja naye, mpaka kuwe na sababu ya pekee. Wifi alinuna kidogo kwa hilo.

"Ni kwa raia tu."

Kipimo cha NHS ni kama unaishi hapa kihalali na hapa ndipo makazi yako ya kawaida, si rangi ya pasipoti. Mzazi aliyekuja kwa viza ya kutembelea ni habari nyingine kabisa: matibabu mengi ya hospitali hutozwa, kwa kawaida asilimia 150 ya gharama. Hapo tafuteni mshauri wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu yoyote.

"Yuko mahututi, hatuna muda wa vikao."

Kwa mgonjwa ambaye hali yake inaporomoka haraka na huenda anaelekea mwisho, kuna njia ya mkato, Fast Track. Daktari au muuguzi anayemhudumia hujaza fomu yake, na NHS inapaswa kuitekeleza mara moja bila cheklisti. Iulizeni kwa jina, maana wodi yenye shughuli nyingi inaweza kusahau.

"Wakisema hapana, imekwisha."

Kama mlikwama kwenye cheklisti, kama sisi, andikieni Integrated Care Board, yaani bodi ya NHS ya eneo lenu, mkiomba waifikirie upya, na mwambatanishe ushahidi. Tulituma nakala za daftari. Wakarudi, safari hii A mbili. Kwa utaratibu, kutoka cheklisti iliyofaulu hadi uamuzi zisipite siku 28. Zetu zilipita.

Aliyekataliwa kwenye tathmini kamili ana miezi sita ya kuomba uamuzi utazamwe upya na bodi ileile. Bado hamjaridhika? Mna miezi sita mingine ya kwenda NHS England, kwenye jopo huru, na baada ya hapo kuna Ombudsman (msuluhishi huru wa malalamiko) wa Bunge na Huduma za Afya. Uamuzi ukigeuzwa, fedha mlizolipa zinaweza kurudishwa. Hata kwa mzee aliyekwisha kufariki, familia inaweza kudai haki yake kwa kipindi ambacho hakupimwa, kuanzia Aprili 2012.

Jihadharini na kampuni zinazopiga simu zikiahidi kuwadaia kwa kukata asilimia. Mashirika ya Beacon na Age UK hutoa ushauri bila malipo. Na kama jibu la mwisho ni hapana lakini mzee yuko kwenye nyumba yenye wauguzi, ulizeni mchango wa uuguzi, ambao kwa mwaka ulioanza Aprili 2025 ulikuwa pauni 254.06 kwa wiki na hulipwa moja kwa moja kwa nyumba hiyo.

"Ikitoka, imetoka."

Kuna mapitio baada ya miezi mitatu, kisha kila mwaka. Lengo lake la kwanza ni kuona kama matunzo yanatosha, si kumwondoa mtu, lakini hali ikibadilika sana wanaweza kupima upya.

Mapitio ya mama yalikuwa mwezi wa pili mwaka huu. Muuguzi mpya, mkalimani yuleyule. "Shikamoo mama, hujambo?" Mama akajiweka sawa kwenye kiti, akavuta khanga. "Sijambo mwanangu, namshukuru Mungu." Muuguzi akatabasamu, akaanza kuandika. Wifi akaweka daftari juu ya meza, akalifungua ukurasa wa jana usiku, akamsogezea.