Vita ya Hitla na Miaka Iliyofuata: Tunayodhani na Wanayokumbuka Wazee

Bibi yangu mzaa baba hakuwahi kusema "Vita vya Pili vya Dunia". Alisema "vita ya Hitla", na kila alipoitaja alianza na nguo, si mizinga. Katika sanduku lake la bati alitunza kipande cha kaniki kilichochakaa pembe zote. Kilianza kuwa nguo yake ya kutokea, kikawa ya kushindia, kikawa mbeleko, mwisho kikabaki cha kufungia fedha. Ndani yake mlikuwa na sarafu tatu za senti kumi, zile zenye tundu katikati, zimetungwa kwenye uzi.

Nimekaa na wazee wa rika lake mara nyingi, na nimesikia pia jinsi sisi watoto na wajukuu tunavyoisimulia miaka yao. Mara nyingi tunaisimulia vibaya, halafu tunasema ni wao wanaosahau.

"Ilikuwa vita ya Wazungu, huku haikutufikia"

Ilifika mpaka jikoni. Tanganyika peke yake ilitoa askari zaidi ya 80,000, na Keya, yaani askari wa jeshi la Waingereza la King's African Rifles (KAR), walipigana Abisinia, Madagaska na Burma, ambayo wazee wanaiita Bama. Lakini hata nyumba isiyotoa askari iliguswa. Kabla ya vita, nguo nyingi za bei nafuu katika maduka yetu zilitoka Japani. Japani ilipoingia vitani Desemba 1941, nguo hizo zikakatika ghafla. Mwaka 1942 Wajapani wakaiteka Bama, na mchele uliokuwa ukishushwa Unguja kutoka huko nao ukakatika. Miaka miwili baadaye, vijana wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikuwa wanapigana kwenye matope ya bonde la Kabaw, Bama hiyohiyo. Wapo kina mama waliokosa wali kwa sababu ya Bama huku watoto wao wako Bama.

Na mkonge je? Wajapani walipozichukua Ufilipino na Java, kulikokuwa kukitoka nyuzi za kamba, Waingereza na wenzao walibaki wakiitegemea sana katani ya Afrika Mashariki. Watu wakachukuliwa kwa amri ya serikali kwenda kufanya kazi mashambani, mbali na manamba waliokwenda kwa mkataba. Mzee wa Tanga akikuambia "nilipelekwa mkonge kwa nguvu", usimrekebishe.

"1945 vita ikaisha, na shida ikaisha"

Hapa ndipo tunapowakosea zaidi. Kwenye vitabu vya shule vita vinaisha kwa mstari mmoja, kisha tunaruka mpaka 1954 na TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika. Katikati hapo pana miaka tisa ambayo watu waliiishi siku moja moja.

Nguo hazikurudi dukani mwaka 1945, kwa sababu viwanda vya Japani vilikuwa vimebomolewa na meli zilikuwa chache. Mji wa Dar es Salaam uliendelea kuwa na mgao wa chakula, na mgao huo ulipangwa kwa rangi ya mtu: Mzungu na Mhindi walikuwa na haki yao ya ngano na mchele, Mwafrika akahesabiwa kuwa mla unga wa mahindi na muhogo. Kwa mtu wa pwani aliyekulia kwenye wali, hilo halikuwa suala la tumbo tu. Lilimwambia yeye ni nani mbele ya serikali. Bibi alilikumbuka hivyo, na aliposimulia sauti yake ilibadilika, ingawa miaka hamsini ilikuwa imepita.

Huwa tunasema pia kwamba zamani vitu vilikuwa bei chee, kwa kuwa tunasikia habari za senti. Senti ilinunua kitu, ni kweli. Lakini mshahara wa kibarua ulikuwa makumi machache ya shilingi kwa mwezi, na vita ilipandisha bei haraka kuliko mishahara. Ukitaka ushahidi, tazama migomo. Januari 1947 Mombasa nzima ilisimama. Septemba mwaka huohuo makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukasafiri na reli kwenda bara. Mwaka 1948 ikawa zamu ya Unguja. Miji mitatu ya pwani moja isingegoma ndani ya miezi ishirini kama vitu vingekuwa bei chee.

Hata walioshinda vita hawakuwa wanashiba. Uingereza haikuwahi kuuza mkate kwa mgao wakati wa vita, lakini ilianza kufanya hivyo Julai 1946, vita ikiwa imekwisha, na mgao wa vyakula kule ulimalizika kabisa mwaka 1954. Nalisema hili kwa sababu njaa ya mafuta ya kupikia kule Uingereza ndiyo iliyotuletea mpango wa karanga wa Kongwa, katikati ya Tanganyika.

"Mpango wa karanga ulishindwa kwa uvivu wa vibarua"

Nimesikia kauli hii kwa watu wazima wenye elimu, na inaniuma. Mpango ulianza 1947: kusafisha ekari zaidi ya milioni tatu za pori, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, wapande karanga, Mwingereza apate mafuta. Waliupanga kwa haraka. Kongwa walikuta udongo ambao mvua ikinyesha unalimika, jua likikaa unakuwa kama sakafu ya saruji, na karanga ni zao la kuchimbwa ardhini. Mvua yenyewe haitoshi wala haina ahadi. Wagogo walijua hayo kabla ya tinga la kwanza kushushwa. Matinga mengi yalikuwa mitumba ya jeshi, yalifika yamechoka na yakakwama kwenye mizizi ya miti. Walifika hatua ya kugeuza vifaru vya vita kuwa matrekta. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha, baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 35.

Kibarua wa Kongwa alifyeka alichoambiwa afyeke. Vilevile si kweli kwamba haukuacha kitu. Bandari ya Mtwara ni mtoto wa mpango huo. Reli ya kutoka huko kwenda Nachingwea ilijengwa, ikafanya kazi miaka michache, kisha ikang'olewa. Mzee wa Nachingwea akikuambia "hapa palipita gari moshi", vijana humcheka. Lilipita kweli.

"Kariakoo ni jina la vita ya Hitla"

Hapana. Ni la vita ya kwanza, ile ya 1914 mpaka 1918, na mtaa huo wa Dar es Salaam umelipata kwa kikosi cha wapagazi, "Carrier Corps" kwa Kiingereza, waliokuwa na kambi pale. Waliofia kwenye mizigo hiyo ni wengi mno, na wanastahili vita vyao visichanganywe na vingine.

"Askari waliorudi ndio waliotuletea uhuru"

Wapo wa kutajwa. Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally walikuwa Keya Bama, na wote wawili walikuwemo katika kuzaliwa kwa TANU. Kenya walikuwepo Bildad Kaggia na Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China wa Mau Mau. Lakini chama cha African Association kilikuwepo Dar es Salaam tangu 1929, miaka kumi kabla ya vita, na Nyerere alikuwa mwalimu, hakuwahi kubeba bunduki. Askari wengi walirudi na kabuti la jeshi, fedha kidogo za kuachia kazi na maneno machache ya Kihindi, wakaoa, wakanunua baiskeli au cherehani, wakalima. Tunapotaka kila mmoja wao awe shujaa wa siasa tunaacha kuwauliza waliona nini. Mzee mmoja aliniambia jambo lililomkaa moyoni zaidi ni mvua ya Bama, jinsi ilivyoozesha buti mguuni. Alisema hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu mvua.

"Wakimbizi hutoka Afrika kwenda Ulaya"

Hili nalitaja kwa ufupi, lakini linapaswa kujulikana. Tengeru, karibu na Arusha, palikuwa na kambi ya Wapolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na kupelekwa Urusi, wakapitia Iran, wakafika kwetu kuanzia 1942. Vita ilipokwisha wengi hawakuwa na kwa kurudi, na kambi iliendelea miaka kadhaa. Wazee wa Kimeru wanawakumbuka. Makaburi yao yapo mpaka leo.

"Wazee wanachanganya, usiwategemee"

Wanachanganya namba za miaka, ndiyo. Matukio hawachanganyi kirahisi. Ukimuuliza mzee "ilikuwa mwaka gani?" unamlazimisha akisie ili akuridhishe. Muulize ulikuwa unavaa nini, unga mlipima kwa pishi au kwa debe, taa ilikuwa koroboi au chemli, mtoto gani alikuwa mgongoni. Hapo utapata tarehe.

Baba mkubwa, mtoto wa kwanza wa bibi, aliandikishwa kuwa amezaliwa 1944. Karani alimtazama tu usoni akaandika. Bibi alikataa siku zote. Alisema babu, aliyekuwa kuli wa bandarini, alikaa nyumbani siku zile makuli waligoma, akawa anamtekea maji kwa sababu yeye alikuwa na mimba kubwa, hawezi kuinua debe. Tulidhani anajisemea. Siku niliyopata tarehe ya ule mgomo, Septemba 1947, bibi alikuwa ameshafariki, na baba mkubwa alikuwa ameshastaafishwa kwa umri, miaka mitatu kabla ya wakati wake.